Fiksi ya Kweli

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama nje ya duka la kahawa huko Peckham, kusini mwa London, nikimsubiri mwenzangu tuliyepanga kwenda naye Herne Hill, kwenye uwanja wa mbio za baiskeli, mara kijana wa miaka ishirini na kitu akasogea kuitazama baiskeli yangu ya fiksi. Aliinama akaikagua cheni, akagusa sproketi ya nyuma, lile gurudumu dogo la meno linaloshika cheni, kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha macho yake yakapanda hadi kwenye usukani na kuganda juu ya mkono mdogo wa breki ya mbele. "Kumbe si fiksi ya kweli," akasema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake aliyeuziwa saa bandia bila kujua.

Sikumjibu siku ile, kwa kuwa mwenzangu alifika na muda ulikuwa umetupita. Lakini neno lake nimekaa nalo tangu hapo, na ninaliandikia leo kwa sababu naamini kijana yule, pamoja na maelfu ya wenzake wanaofikiri kama yeye kwamba fiksi yenye breki si ya kweli, wameshika alama isiyo sahihi ya ukweli wa chombo hiki, na kushika huko kumeanza kuwagharimu watoto wadogo maisha yao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuipanda, nieleze kwanza ni kitu gani tunachogombania. Baiskeli ya kawaida ina friwili kwenye gurudumu la nyuma, kifaa kinachoruhusu gurudumu liendelee kuzunguka hata mpandaji akiacha kukanyaga pedali. Ndiyo ile sauti ya tik-tik-tik tunayoisikia mtu anapoteremka mlima amepumzisha miguu. Baiskeli ya fiksi haina friwili. Sproketi yake ya nyuma imekazwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hivyo gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, na pedali zikizunguka, miguu haina budi kufuata. Hakuna kupumzika kwenye mteremko wala kuweka mguu sawa kwenye kona. Mpandaji akitaka kupunguza mwendo huyabana mapigo ya miguu yake, akizipinga pedali zinazomsukuma, na akiwa hodari sana anaweza kuegemea mbele, akaufungia mguu mmoja, na kulifanya gurudumu la nyuma liburuzike barabarani hadi baiskeli isimame. Wapo wanaosimama kwenye taa nyekundu bila kugusa chini, wakiichezesha baiskeli mbele na nyuma kwa nusu hatua, na wakiifanya vizuri ni jambo la kupendeza kulitazama.

Neno lenyewe linaniletea fikra kila ninapoliandika. Kwetu Tanzania, kijana akimwambia mwenzake "acha fiksi" anamaanisha aache uongo, na "kupiga fiksi" ni kumdanganya mtu kwa maneno matamu. Nilipompigia simu binamu yangu Tanga kumwambia nimenunua fiksi, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani aliyenipiga. Kwa hiyo swali la fiksi ya kweli, kwa Kiswahili chetu, linabeba mgongano wake tangu mwanzo.

Nilizaliwa Tanga, mji ambao watu wake tumezoea kwenda sokoni, msikitini, shambani na kazini kwa baiskeli, na fiksi yangu ya kwanza niliipanda huko bila kujua kwamba ina jina. Mjomba wangu alikuwa na Phoenix nyeusi ambayo friwili yake iliingia maji ya masika, ikashika kutu na kugoma kuachia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipotumwa nayo kupeleka mzigo, na nilipofika kwenye mteremko wa kuelekea bandarini nikaacha kukanyaga kama nilivyozoea. Pedali zilininyanyua kutoka kwenye siti. Nilihisi kama kuna mtu mwingine amekaa ndani ya cheni ananisukuma miguu, na kadiri nilivyoshindana naye ndivyo alivyonirusha. Niliporudi nyumbani magoti yakitetemeka, mjomba alicheka akaniambia: "Mjomba, hiyo hushindani nayo. Unaifuata, na mkono hauachi breki." Kesho yake fundi wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, aliiosha friwili kwa mafuta ya taa, akaitia oili, na baiskeli ikarudi kuwa ya kawaida. Mimi nilibaki na kumbukumbu ya ile nguvu iliyokuwa ikija miguuni kutoka barabarani, na miaka mingi baadaye, Uingereza, ndiyo iliyonivuta.

Tuje kwenye madai yenyewe. Wanaobishana kuhusu nani ni mwenye fiksi na nani ni mwigaji huanzisha historia pale panapowafaa. Wengi huianzia kwa matarishi wa baiskeli wa New York wa miaka ya 1980, wale waliokuwa wakikimbiza bahasha za mawakili, picha za matangazo na hati za benki kutoka ghorofa hadi ghorofa ndani ya Manhattan. Mwanzo huo ni wa heshima, na nitaurudia. Lakini baiskeli hii ni ya zamani kuliko tarishi yeyote aliye hai. Baiskeli ya usalama ambayo John Kemp Starley aliitoa mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na cheni kuelekea nyuma, haikuwa na friwili. Kwa karibu miaka kumi na mitano iliyofuata, aliyepanda baiskeli alipanda fiksi, awe karani, mwalimu au mwanamke aliyekuwa akitoka nyumbani peke yake kwa mara ya kwanza. Friwili ilipoenea mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, watu wa kawaida waliipokea kwa furaha kwa sababu iliwapumzisha miguu. Waliobaki na mfumo wa zamani walikuwa hasa wakimbiaji wa viwanjani.

Hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Uwanja wa mbio za baiskeli ni duara lenye kingo zilizoinuliwa. Wote wanaokimbia humo wanaelekea upande mmoja, hakuna gari, hakuna mtoto anayefuata mpira, hakuna mbwa wala taa nyekundu. Mahali kama hapo breki ni hatari, kwa kuwa atakayeikamata ghafla atamwangusha aliye nyuma yake kwa umbali wa shubiri moja, na kila mmoja anajua kwamba aliye mbele yake hawezi kusimama kwa ghafla kama yeye asivyoweza. Kutokuwa na breki ni makubaliano ya watu wote waliomo ndani ya duara. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878 na kuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mjini Montreal mwaka 1899, alikimbia hivyo, na huku akizuiwa na kusukumwa na wenzake weupe waliokuwa wakiungana dhidi yake. Mbelgiji Eddy Merckx alikimbia hivyo huko Mexico mwaka 1972, alipokwenda kilomita 49.431 kwa saa moja. Ukimuuliza yeyote kati ya hao kama kukosa breki ndiko kulikomfanya awe wa kweli, sidhani kama angelielewa swali.

Matarishi wakongwe wa New York husimulia kwamba waliozileta baiskeli za uwanjani katika mitaa ya mji huo walikuwa hasa vijana waliotoka visiwa vya Karibi, Jamaika na Trinidad, ambako mbio za viwanjani zilikuwa mchezo unaopendwa. Walikuwa nazo, walizijua, na kazi ilipopatikana walizipanda kazini. Sababu zao zilikuwa za mtu anayelipwa kwa kila bahasha: hakuna waya wa gia wa kukatika, hakuna vifaa vya kujaa tope la theluji na chumvi, mwizi asiyeijua huanguka kabla hajafika kona ya pili, na mpandaji anaihisi barabara iliyolowa kupitia miguu yake kabla hajateleza. Ninamtaja kwa makusudi Nelson Vails, kijana wa Harlem aliyekuwa tarishi Manhattan kabla ya kushinda medali ya fedha ya mbio fupi za uwanjani katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, kwa kuwa ndani ya mwili wake mmoja walikutana tarishi na mkimbiaji, na baadaye alikwenda kukimbia hata Japani. Anapotokea mtu leo akaeleza fiksi kana kwamba ni uvumbuzi wa wabunifu wa mitindo wa Brooklyn, hasira za matarishi ninazielewa vizuri sana. Watu weusi, wahamiaji, wafanyakazi wasio na bima wala likizo, walikifanya chombo hiki kuwa cha mjini, na baadaye sura zao zikaondolewa kwenye picha ya tangazo.

Maana picha ya tangazo ilikuja. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, New York, San Francisco, London, Berlin na Tokyo zilijaa baiskeli zenye ringi ndefu za rangi ya waridi na kijani, usukani uliokatwa hadi ukawa mfupi kuliko upana wa mabega, na suruali zilizokunjwa mguu mmoja. Mikoba ya matarishi ilivaliwa na watu ambao ndani yake walikuwa na kompyuta tu. Kampuni kubwa zilianza kuuza fiksi zilizokamilika dukani, na hapo ugomvi ukapamba moto: aliyeijenga mwenyewe alimdharau aliyeinunua, aliyeanza mwaka 2003 alimdharau aliyeanza mwaka 2007, na tarishi aliwadharau wote wawili. Wimbi lile lilitulia, wengi wakahamia kwenye baiskeli za gia za njia za changarawe, na sasa limerudi tena kupitia video fupi za simu, safari hii likiwa na wafuasi wadogo zaidi kwa umri.

Mfano unaonionyesha upofu wa ugomvi huo kuliko mingine yote ni ule wa fremu za Kijapani. Japani kuna mbio ziitwazo keirin, zilizoanza mjini Kokura mwaka 1948, ambazo watu huziwekea dau la fedha kihalali. Kwa kuwa kuna fedha za watu, kila kifaa cha baiskeli ya keirin, kuanzia fremu ya chuma hadi habu na spoku, kinapaswa kuwa na muhuri wa herufi NJS, unaothibitisha kwamba kimetimiza vipimo. Lengo la muhuri huo ni kuwasawazisha wakimbiaji, ili anayeweka dau aweke juu ya mtu na si juu ya chuma. Muhuri huohuo ulipofika San Francisco na London uligeuzwa maana kabisa. Watu walilipa fedha nyingi kupata fremu iliyokwishatumika yenye herufi tatu zilizogongwa chini ya habu ya krenki, ile mikono inayoshika pedali, mahali ambapo mtu hazioni mpaka aipindue baiskeli, na wakazipindua kweli, mbele ya wenzao, ili waonekane wako juu ya wengine. Alama iliyowekwa ili watu wawe sawa ilitumika kuwapanga kwa tabaka. Nimewahi kushika fremu moja ya aina hiyo, yenye viungio vilivyonakshiwa kwa mkono na tupa, laini kama ukingo wa kikombe cha kahawa. Ni kazi ya fundi bingwa na ninaiheshimu. Lakini fundi yule hakuitengeneza iwe cheti cha ubora wa mwenye kuimiliki.

Ninachoona kimesahaulika zaidi ni upande wa Uingereza yenyewe, na hapa ninazungumza nikiwa na deni la shukrani. Nilipokwenda uwanja wa Herne Hill kwa mara ya kwanza nilikuwa sina kitu zaidi ya kofia ngumu ya kuazima. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1891, ulitumika kwa mbio za baiskeli za Olimpiki ya mwaka 1948, na Bradley Wiggins, bingwa wa baiskeli wa Uingereza, alianzia mbio zake hapo akiwa mtoto. Ni duara la takribani mita 450, kingo zake zimeinuka kidogo tu, na wageni hupewa baiskeli ya kuanzia. Tulifundishwa mambo mawili: usiache kukanyaga kamwe, na ukitaka kupunguza mwendo panda juu ya ukingo uiachie ardhi ikupunguze. Baada ya mizunguko sita ile nguvu ya mteremko wa Tanga ilirudi miguuni, na safari hii sikushindana nayo.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi na chupa yake ya chai alinitazama nikishuka, akaniuliza nimejifunza wapi kutopambana na pedali. Nilimweleza habari za Phoenix ya mjomba, naye akafurahi sana, akaniambia kwamba yeye amepanda fiksi tangu miaka ya 1950. Katika vilabu vya baiskeli vya enzi zake, alisema, karibu kila mtu alipanda fiksi majira ya baridi, kwa sababu tope na chumvi viliharibu vifaa vya gia, na kwa sababu mguu uliolazimishwa kuzunguka miezi minne mfululizo huzunguka kwa ulaini mwaka mzima. Walikwenda mashindanoni juu ya baiskeli ileile, magurudumu membamba ya mbio yakiwa yamefungwa kwenye vishikizo pande mbili za gurudumu la mbele, wakafika, wakabadilisha, wakakimbia, wakabadilisha tena, wakarudi nyumbani. Nilimuuliza kuhusu breki. Aliniangalia kama niliyemuuliza kuhusu viatu. Breki ya mbele, akasema, ilikuwapo siku zote. Iliondolewa kwenye lango la uwanja na kurudishwa kwenye lango la uwanja, na aliyetoka nje bila kuirudisha aliitwa mjinga na mwenyekiti wa klabu.

Huyo ni mtu aliyepanda chombo hiki kwa zaidi ya miaka sitini, bila picha na bila kumhoji mtu mwingine anapanda nini. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye maandishi yake yaliwafundisha wapenzi wengi wa fiksi duniani jinsi ya kuijenga, alikuwa na msimamo huohuo: barabarani, weka breki ya mbele. Ninaposikia kwamba breki ndiyo inayoondoa ukweli, nawakumbuka hawa wawili, na najiuliza ni ukweli wa nani unaolindwa.

Mimi mwenyewe naijua thamani ya breki ile kwa ushahidi wa mwili wangu. Fiksi yangu ya kwanza hapa nilinunua kwa mtu aliyeijenga kutoka kwenye baiskeli kuukuu ya mbio za barabarani. Habu ya fiksi iliyo sahihi ina nyuzi za skrubu za aina mbili: sproketi hukazwa kwa kuzungushwa upande wa kulia, na nje yake huja nati ya kufungia ambayo nyuzi zake ni za kushoto, ili mpandaji akiyabana mapigo, ile nguvu ya kurudi nyuma inayotaka kuifungua sproketi izidi kuikaza nati. Baiskeli niliyouziwa ilikuwa na habu ya zamani ya friwili, isiyo na nafasi ya nati hiyo, na sproketi ilikuwa imeshikwa kwa gundi ya nyuzi peke yake. Sikuwa na ujuzi wa kulitambua hilo. Siku ya nane, Old Kent Road, nikikaribia taa iliyokuwa imegeuka nyekundu nyuma ya basi, nilibana miguu kama nilivyojifunza, nikasikia mlio mfupi kama kokwa inayovunjwa, na pedali zikageuka hewa. Sproketi ilikuwa imefunguka. Miguu yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa breki yote ya nyuma, ilizunguka bure kinyumenyume huku basi likikua mbele ya macho yangu. Fremu ile kuukuu ilikuwa bado na breki yake ya mbele ya asili, yenye mpira uliochakaa. Niliikamata kwa vidole vyote, na nikasimama nikiwa nimeweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya kioo cha nyuma cha basi.

Wapo watakaosema kwamba mtaalamu hanunui habu kama ile, na ni kweli. Lakini cheni ya mtaalamu nayo hukatika, na cheni ikikatika fiksi isiyo na breki haina kitu chochote kinachoisimamisha isipokuwa kiatu cha mpandaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1983 inaelewa hilo: baiskeli ya fiksi barabarani ni lazima iwe na breki ya gurudumu la mbele. Mwaka 2016 mwanamke mmoja, mama wa watoto wawili, aligongwa alipokuwa akivuka barabara katikati ya London na kijana aliyepanda baiskeli ya uwanjani isiyo na breki hiyo, akafariki. Mwaka uliofuata kijana alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane chini ya sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi, kwa kuwa hapakuwa na sheria maalumu ya mpanda baiskeli aliyesababisha kifo. Nakumbuka jinsi mji ulivyogeuka dhidi yetu wote majira yale, na jinsi baadhi ya wenzetu walivyotumia nguvu nyingi kujitetea na chache mno kumtaja marehemu. Hilo bado linaniuma.

Kisha likaja la Korea Kusini. Mwezi Julai 2025 mwanafunzi wa shule ya kati alifariki mjini Seoul alipokuwa akiteremka mlima na fiksi isiyo na breki, na mwezi uliofuata polisi wa nchi hiyo walitangaza msako wa baiskeli za aina hiyo, wakiwaonya hata wazazi kwamba wanaweza kuwajibishwa. Tokyo na Berlin zilipita njia hiyohiyo miaka kumi na zaidi kabla. Kila mara hadithi ni ileile: fasheni inafika, watoto wanaambiwa breki huharibu sura na kuondoa ukweli, breki zinafunguliwa, kisha inakuja habari ya mteremko.

Ndiyo maana siwezi kuuchukulia mjadala wa nani ni wa kweli kama maongezi ya vijiweni tu. Tarishi aliyepanda bila breki New York mwaka 1985 alifanya hivyo baada ya maelfu ya saa barabarani, akijua kila shimo la mtaa wake, na bado wapo walioumia na walioacha miguu yao chini ya malori. Kukipokea kitu kilichotoka kwake na kukiheshimu ni kulitaja jina la alikotoka, ni kuwalipa vizuri wanaotuletea chakula mlangoni leo kwa miguu yao na betri zao, na ni kujifunza kazi yenyewe: kuutunza mkazo wa cheni, kupima nati kila wiki, kuhesabu meno. Nilimfundisha mwenzangu hesabu ya meno usiku mmoja jikoni kwangu, naye akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Mwenye meno 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu lake huzunguka mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedali, hivyo kila anapoburuza tairi kwa mguu uleule huliburuza mahali palepale, na tairi jipya hutoboka kwa majuma machache. Akibadilisha sproketi ya nyuma kuwa ya meno 17, mburuzo husambaa sehemu kumi na saba za tairi. Jino moja tu. Anayelijua hilo amekaa na baiskeli yake, awe amevaa suruali ya aina yoyote.

Majuma mawili baada ya kukutana na yule kijana wa Peckham, jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama wa Kibajuni aliyekuja hapa kutoka Kismayu, alinigongea mlango jioni. "Kaka yangu," akaniambia, "nitazamie baiskeli ya mwanangu. Naambiwa haina breki, naye ananiambia ndivyo inavyotakiwa." Mtoto ana miaka kumi na minne. Alishuka na baiskeli mpya, nzuri, fremu ya aluminiamu isiyo na mkwaruzo, na alisimama pembeni yangu uso umekunjamana akingoja nimsaidie kumshawishi mama yake.

Foku yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, haikuwa na tundu la kufungia breki, kama ilivyo kawaida ya foku za uwanjani, na foku ya namna ile si kitu cha kutoboa kwa drili ya nyumbani. Nilikuwa na foku ya chuma iliyobaki kwenye mradi mwingine, nyeusi, yenye tundu lake. Tulifanya kazi kwenye ngazi za nyuma hadi magharibi. Nilimwachia yeye apime urefu wa waya na kuukata, nikamwonyesha jinsi ya kuisogeza mipira ya breki hadi ikae nusu milimita kutoka kwenye ringi pande zote mbili, na tulipofika kwenye nati ya kufungia nilimwambia aifungue mwenyewe ili aone inavyogeuka kinyume na nyingine zote. Alikaa nayo kiganjani muda mrefu.

"Ami," akaniuliza, "wenzangu wakiniambia hii si ya kweli tena, niwaambieje?"

Nilimsimulia habari za mzee wa Herne Hill na lango la uwanja, na za Marshall Taylor, na za mjomba wangu. Alisikiliza zaidi habari za mjomba. Kisha tulikwenda kwenye mteremko mfupi ulio nyuma ya majengo yetu, mama yake akitutazama kutoka dirishani, na nikamwambia ashuke pole pole mara tano, miguu ikifuata pedali, vidole viwili juu ya breki. Mara ya sita alishuka kwa kasi bila kuniuliza, akabana miguu, akaikamata breki, akasimama hatua tatu kabla ya nilipokuwa nimesimama mimi, akageuza uso kutazama kama mama ameona.